Daktari Anahesabiwa Wapi?

Jumapili moja tuliitwa nyumbani kwa mjomba, Magomeni, kwenye kikao cha ukoo. Haukuwa msiba wala posa. Simu iliwekwa katikati ya meza, na sauti ya binamu yangu, binti wa mdogo wake mjomba, ikatoka Ohio, Marekani, alikokulia tangu akiwa darasa la pili. "Shikamooni wote." Tukaitikia. Akasema amepata nafasi ya kusomea udaktari. Shangazi akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Kisha binamu akaongeza kwamba chuo ni kipya, kwamba ni chuo cha osteopathia, na kwamba fedha za kushika nafasi zinatakiwa kabla mwezi haujaisha.

Kimya. Osteo nini?

Macho yakanigeukia mimi, kwani pale ukooni mimi ndiye "msomi", kisa naandika andika vijihadithi. Nami, badala ya kusema sijui, nikachekesha baraza: "Ah, hao ni wale wakanda migongo. Huyu hatakuwa daktari kamili." Watu wakacheka. Kwenye simu hakucheka mtu.

"Kaka," binamu akasema taratibu, "siku ile baba'ko alipolala kwenye benchi, ungemwuliza daktari ana herufi gani mwisho wa jina lake?"

Ndugu msomaji, hapo nilinyamaza. Baba yangu alifia kwenye benchi la hospitali moja ya wilaya, ambayo sitaitaja. Tulifika asubuhi, jua likapanda, likashuka. Daktari alikuwa mmoja tu na alikuwa chumba cha upasuaji akiokoa mama na mtoto. Simlaumu hata leo. Lakini tangu siku hiyo kila nikisikia watu wanabishana juu ya idadi ya madaktari, naliona lile benchi. Sasa swali la binamu likawa deni. Nikaomba kikao kinipe wiki mbili, nikasome kwanza ndipo niseme. Na nilichosoma kimenitoa kwenye kejeli, kikanipeleka kwenye shangwe, halafu kikaniacha mahali ambapo sijapata raha mpaka leo.

Kwanza, kejeli yangu ilikuwa ujinga mtupu. Uingereza mtu wa osteopathia si daktari wa hospitali, ni mtaalamu wa viungo na misuli, na nadhani huko ndiko nilikookota maneno yangu ya kijiweni. Marekani mambo ni tofauti. Huko mwenye shahada ya D.O. anasoma miaka minne kama mwenzake wa M.D., anaandika dawa, anapasua, anazalisha. Juu ya hayo anafundishwa takriban saa 200 za kutibu kwa mikono. Tangu mwaka 1973 majimbo yote 50 yanampa leseni kamili.

Aliyeanzisha tiba hiyo ni Andrew Taylor Still, daktari wa mashambani. Mwaka 1864 watoto wake watatu walikufa kwa homa ya uti wa mgongo, na tiba ya wakati ule haikufua dafu. Akazikasirikia dawa, na kusema kweli nyingine za zama zile, kama zile za zebaki, zilikuwa sumu. Mwaka 1892 akafungua chuo chake katika mji mdogo wa Kirksville, Missouri. Si kila alichokiamini kilisimama, na warithi wake wamezirudia dawa alizozikataa. Lakini chanzo cha yote ni baba aliyewazika wanawe. Huyo sikuweza kumcheka tena.

Halafu kuna kisa cha California. Mwaka 1962 madaktari wa D.O. wa jimbo hilo, kama 2,000 hivi, waliruhusiwa kubadili herufi zao kuwa M.D. kwa kulipa dola 65. Hebu fikiria! Jana si daktari kamili, leo kamili, na mikono ni ile ile. Ukiwa unaishi Tanzania huhitaji kwenda mbali kuelewa. Sisi tumekuwa na madaktari wasaidizi ambao kwa miongo mingi wamefanya upasuaji wa kuzalisha katika hospitali za wilaya, huku mjini tukiwanong'ona kwamba si madaktari hasa. Aliyezaliwa kwa mikono yao hanong'oni.

Basi nikahama kambi, nikawa mshangiliaji. Nilipoona hesabu ndiyo kabisa! Baada ya California, vyuo vya osteopathia vilibaki vitano tu Marekani nzima. Leo vimepita 40, na zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari wa nchi ile wako humo. Sababu iko wazi. Mwaka 2024 chama cha vyuo vya M.D. vya Marekani kilikadiria kwamba ifikapo mwaka 2036 nchi inaweza kupungukiwa na madaktari hadi 86,000. Na zaidi ya nusu ya hawa wa D.O. huingia kwenye tiba ya msingi, ile ya mtu kupimwa na kutibiwa kabla ugonjwa haujawa mkubwa. Nikamwambia mjomba, tuchange, haba na haba hujaza kibaba.

Lakini je, kama kibaba kimetoboka?

Swali hilo nalo lilitoka kwa binamu. Alinipigia usiku, kwake ilikuwa mchana. "Kaka, nimewauliza mwaka wa tatu na wa nne tutajifunzia hospitali gani. Wamesema mazungumzo yanaendelea." Nikamwuliza, chuo hakina hospitali yake? Akacheka. Nikarudi kusoma.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Vyuo vingi vya aina hii havijengi hospitali, ndiyo maana vinaweza kufunguliwa upesi hata katika miji midogo. Miaka miwili ya mwanzo ni darasani. Miwili inayofuata mwanafunzi anatumwa kwenye hospitali zilizokubali kumpokea, pengine mbali. Chuo kipya hakipati ithibati kamili mpaka darasa lake la kwanza lihitimu. Maana yake, wale wa mwanzo ndio kichwa ambacho kinyozi anajifunzia. Na akimaliza, shahada yake peke yake haimruhusu kutibu. Lazima apate nafasi ya mafunzo kazini hospitalini, miaka mitatu au zaidi, la sivyo hana leseni.

Nafasi hizo, kwa sehemu kubwa, hugharimiwa na serikali kuu kupitia Medicare, bima ya wazee. Sheria ya mwaka 1997 ilizifungia hospitali zilizokuwa zikifundisha kwenye idadi ya mwaka 1996. Baadaye zikaongezwa 1,000, kwa sheria iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2020, na hata hizo zinatolewa kidogo kidogo. Hospitali nyingine hujilipia, na nyingine mpya zimeanza kufundisha, kwa hiyo mlango haujafungwa. Wahitimu wa D.O. wenyewe wanaingia vizuri, zaidi ya tisa katika kila kumi. Anayebanwa zaidi ni mgeni asiye Mmarekani aliyesomea nje, akiwemo Mwafrika. Mwaka 2024 walioingia kati yao hawakufika hata sita katika kumi. Lakini tazama jambo hili: zaidi ya nusu ya madaktari huishia kufanya kazi katika jimbo walilofanyia mafunzo hayo ya mwisho. Kwa hiyo ukijenga darasa kwenye mji maskini bila kujenga nafasi za mafunzo kazini, umepanda mbegu kwenye gunia. Itaota, ndiyo, lakini huko gunia litakakofunguliwa.

Tena kuna deni. Wengi huhitimu wakidaiwa zaidi ya dola 200,000. Sheria ya mwaka 2025 imeweka kikomo cha mikopo ya serikali kwa wanafunzi wapya wa fani kama hizi kuanzia Julai 1, 2026: dola 50,000 kwa mwaka, 200,000 kwa jumla. Chuo kikidai zaidi ya hapo, mtoto wa maskini atafute kwingine. Sasa we mwenyewe fikiria: kijana anadaiwa kiasi hicho, upande mmoja kuna zahanati ya kijijini, upande wa pili kuna kliniki ya mjini yenye mshahara mnono. Utamwambia ana roho mbaya akienda mjini? Mimi siwezi. Deni nalo lina sauti, na husema kabla dhamiri haijafungua mdomo.

Msidhani ni kidonda cha Wamarekani peke yao. Machi mwaka 2017 Kenya ilitoka kwenye mgomo wa madaktari wa siku 100, ikaomba madaktari 500 kutoka kwetu. Sisi tukakubali. Kesi ikafunguliwa mahakamani huko Kenya, mpango ukakwama, na mwezi uliofuata Rais Magufuli akaamuru wale 258 waliokuwa wameomba kazi hiyo waajiriwe hapa hapa. Ilikuwa habari njema. Lakini hebu tafakari kilichofichuka: nchi yenye mabenchi kama lile la baba ilikuwa na mamia ya madaktari nyumbani bila kazi. Kuhitimu walihitimu. Kwenye takwimu za vyuo walikuwemo. Kwenye benchi hawakuwepo. Mshikaji wangu mmoja niliyesoma naye sekondari alikaa na shahada ya udaktari miaka miwili akiuza vifaa vya simu. Kila nikipita dukani kwake tulitaniana, "Dokta, nipe chaja." Utani wenyewe siku hizi unanichoma.

Kwa hiyo nauliza swali langu waziwazi: daktari anahesabiwa wapi? Mwenye chuo anamhesabu siku ya joho. Mwanasiasa anamhesabu siku ya kukata utepe. Ukoo unamhesabu siku ya vigelegele. Hatukosei kufurahi, lakini wote tunahesabu kabla ya wakati. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na katika vikao hivi vyote asiyekuwapo ni mgonjwa. Mimi nashikilia kwamba daktari ahesabiwe pale mgonjwa anapomwona. Kabla ya hapo ni ahadi, na ahadi ina mwenyewe wa kuidaiwa.

Nani adaiwe? Wengine husema kijana mwenyewe, alazimishwe kurudi kijijini. Hapana, bwana. Anayefungua mlango ndiye abebe sehemu ya mzigo. Chuo kikisema kimekuja kwa ajili ya maskini, kioneshe hospitali, kioneshe nafasi za mafunzo kazini, kioneshe jinsi deni litakavyopunguzwa. Wapo wanaojaribu kuikaribisha ahadi kwenye benchi. Mwaka 2020 huko Tahlequah, Oklahoma, Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma na taifa la Wacheroki walianzisha kwa pamoja chuo cha osteopathia kwenye ardhi ya taifa hilo, jirani na hospitali yao, na darasa la kwanza lilihitimu mwaka 2024. Pale mgonjwa hakusubiri kukaribishwa kikaoni, maana kikao kilikuwa cha kwake.

Kuna atakayenirukia: unataka masharti mengi mno, vyuo vitapungua, wagonjwa wataumia. Nalijua hilo, na linaniuma. Mwaka 1910 Abraham Flexner alichapisha ripoti baada ya kukagua vyuo 155 vya udaktari Marekani na Kanada, akataka vibovu vifungwe. Vingi vilifungwa, na elimu ikapanda. Lakini kati ya vyuo saba vya watu weusi, vitano vilikufa, na waliobaki bila daktari hawakuwa watoto wa matajiri. Ukali nao una benchi lake. Kwa hiyo sisemi vifungwe. Nasema ahadi na mzigo viende pamoja.

Siku ya kikao cha pili nilianza kwa kumwomba radhi binamu mbele ya wote. Halafu nikampa maswali matatu ya kuwapelekea: tutajifunzia hospitali ipi, wahitimu watafanyia wapi mafunzo kazini, na deni litakuwa kiasi gani siku ya mwisho. La deni walimjibu vizuri, kwa karatasi. Hayo mengine mawili majibu yalikuwa na ukungu. Akaniuliza, "Kaka, niende?"

Nilitazama meza, simu, sura za wazee. Nikasema nenda. Nilisema hivyo kwa sababu ya lile benchi, si kwa sababu ya hoja zangu, kwani hoja zangu zilikuwa zikisema subiri. Tukachanga. Mimi nilitoa malipo ya hadithi mbili na nikakopa ya tatu.

Sijui kama nilimshauri vema. Yuko darasa la kwanza la chuo chake, na hospitali bado inatafutwa. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe: amejifunza kusikiliza mapafu, amesikiliza ya mwenzake, yako safi. Nikamjibu hongera. Nikataka kuongeza kwamba sijaanza kumhesabu bado, nikafuta. Atajua mwenyewe, siku mtu atakaponyanyuka kwenye benchi akaingia chumbani kwake.