Chupa Niliyompa Ndugu Yangu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Amma baad. Muhula uliopita, hapa Bujumbura, nilimpa ndugu yetu mmoja wa hosteli chupa ya vidonge niliyoletewa na mjomba kutoka Ubelgiji. Ndugu huyo alikuwa haji tena swala ya alfajiri, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Vidonge ni vya mmea wa maua ya njano uitwao Hypericum perforatum, ambao Ulaya wanautumia kwa huzuni. Nikamwambia, "Hii ni mitishamba tu, haina madhara. Piga Bismillahi umeze."

Sikumuuliza kama ana dawa nyingine. Alikuwa nayo, fluoksetini aliyoandikiwa hospitali, akiificha kwa sababu hapa msikitini mwenye huzuni tunamwambia imani yake ni dhaifu. Nami nimelisema hilo, tena kwenye darsa.

Siku ya nne alitetemeka, jasho likimtiririka, moyo unamwenda mbio, anaharisha, hatulii. Daktari akatueleza kwamba vyote viwili huongeza serotonini, na ikizidi inaweza kuua. Wala kuiacha fluoksetini jana na kumeza mmea ule leo si salama, kwani hubaki mwilini kwa wiki kadhaa.

Ndugu zangu, Hadithi ya habasoda sote tunaijua, ingawa wengi hatujui kwamba al-Khattabi aliifasiri kuwa tamko lake ni la jumla na makusudio ni maalumu. Lakini katika Sunan ya Abu Dawud ipo nyingine tusiyoisoma kwenye darsa: anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu, madhara yakitokea yeye ndiye mdhamini. Niliikumbuka usiku ule kwenye benchi la wodi. Ilikuwa inanisema mimi.

Basi mtu akikueleza huzuni yake, usimwachishe dawa, wala usimwongezee yako. Chupa zote, hata za duka la mitishamba, azipeleke kwa daktari au mfamasia zionekane pamoja. Na anayetumia lithiamu amwone daktari wake kabla ya Ramadhani, maana upungufu wa maji huipandisha katika damu. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo ndani ya Suratul Baqara. Hakuna wa kumwonea haya.

Alhamdulillah, ndugu yetu alipona. Nilimwomba radhi, akanisamehe. Ijumaa iliyopita tulikwenda kliniki pamoja, nikambebea mfuko wa dawa zake.

Wabillahi tawfiq.