Muulize Jirani Yake

Nyuma ya ploti yetu hapa Port Reitz kuna tangi la maji linalovuja. Ukuta wa chini yake haukauki, na masika ikifika unavaa zulia la vijimea vya kijani. Siku moja nikichota maji nikaona hapo kidoa cha rangi ya machungwa, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Nikakipiga picha, nikaiuliza programu ya simu. Jibu: kuvu. Basi. Ni kama kuuliza "yule ni nani?" ukaambiwa "binadamu."

Nikaanza kusoma. Kumbe kuna kuvu zinazoitwa Octospora, visahani vya milimita chache tu, ambazo maisha yao yote ni kwenye vijimea kama hivi. Huvishika kwenye vile vinyuzi vya chini vinavyovishikilia ardhini. Na spishi nyingi zina mwenyeji wake maalum, hazihamihami. Kwa hiyo mtaalamu akitaka kuitambua mojawapo, lazima akijue na kimea. Picha niliyopiga mimi, kidoa kimejaa skrini nzima na jirani zake wote nimewakata, ilikuwa nzuri lakini haina msaada.

Hilo lilinichoma, kwa sababu ya Mzee wa Redio.

Tulimwita hivyo kwa vile redio yake huamka kabla ya adhana. Miaka miwili tuliishi mlango kwa mlango. Usiku mmoja akazidiwa, tukampakia kwenye tuktuk. Hospitalini karani akauliza, "Jina la mgonjwa?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Ndugu? Dawa anazotumia? Kimya. Nikampigia mama wa mahamri wa pale langoni. Namba yake ninayo kwa vile humlipa kwa simu. Hata sikumaliza kueleza.

"Huyo ana sukari, mwanangu. Waambie sasa hivi. Dadake yuko Mariakani, ngoja nimtafute."

Utasema: lakini watu tumekuja mjini tupumue, nani anataka kuchunguzwa? Ni kweli, kujulikana nako ni mzigo. Lakini mama yule hakumpeleleza mtu. Aliona tu kwamba mteja wake siku hizi anachukua mbaazi tupu, mahamri hataki, akamuuliza kulikoni. Mimi, niliyejiona namheshimu kwa kutomuuliza kitu, nilikuwa nimempa jina la redio nikamalizana naye.

Kupachika jina ni rahisi. Mtaa wetu wenyewe una jina la John James Reitz, luteni wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa asimamie Mombasa mwaka 1824, akafa mwaka huohuo. Miezi michache tu, na mpaka leo mkono mzima wa bahari unaitwa yeye. Jina hilo linakwambia kalamu ilikuwa mkononi mwa nani. Halikwambii nani huvua hapa, wala nani ana sukari.

Mzee alirudi baada ya wiki, na redio yake. Jina lake sasa ninalijua, ila si langu kuligawa hapa.

Juzi nilirudi kwenye ukuta na simu. Safari hii nilianza na kimea.