Jina Lililonyimwa, Jina Lililofichwa

Tarehe 1 Aprili 2022, baada ya kufungiwa miaka 72 kama ilivyo desturi ya Marekani, karatasi za sensa ya 1950 ziliwekwa wazi. Kwa wenyeji wa Saint Paul halikuwa jambo dogo. Rondo, kitovu cha maisha ya Wamarekani Weusi mjini humo, ilikatwa baadaye na barabara kuu ya 94. Katika karatasi hizo ingali imesimama, nyumba kwa nyumba, kila mkazi na umri wake.

Lakini mwenyeji huyo akifuatilia nasaba yake nyuma zaidi, mara nyingi hugonga ukuta mwaka 1870. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa wa kusini waliorodheshwa chini ya jina la bwana wao kwa umri, jinsia na rangi; majina yao wenyewe, isipokuwa kwa nadra, hayakuandikwa. Hapo swali la kimaadili ni jepesi. Aliyenyimwa jina anastahili kurudishiwa, na anayekesha juu ya hati za mirathi na mauzo akilitafuta analipa deni.

Swali ni zito zaidi kwa jirani yake wa Minneapolis ambaye asili yake ni Unguja. Huko utumwa ulifutwa kisheria 1897, masuria wakasubiri hadi 1909. Sensa ya 1924 iliwakuta maelfu ya watu walioandikwa Waswahili. Ile ya 1931 iliwakuta wachache mno. Hawakufa wala hawakuhama. Neno hilo lilikuwa limeanza kunuka utumwa, nao walipoulizwa kabila wakajitaja Washirazi, Wahadimu au Watumbatu.

Je, kitukuu mwenye majibu ya kipimo cha vinasaba mkononi ana haki ya kumsahihisha marehemu? Wapo wasemao kwamba ukweli ni ukweli. Wanasahau kuwa karani hakuwa akitafuta ukweli. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa asili zao, na wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgawo wa mchele ulifuata mpango huo. Aliyejiita Mshirazi alifanya lile ambalo mtumwa wa Mississippi alizuiwa kulifanya: alijitaja mwenyewe.

Hata hivyo siri hiyo ina gharama, na anayeilipa si yeye. Nyuma yake pengine yupo mama aliyeletwa kutoka bara, Mnyasa au Mmanyema, ambaye hakuulizwa lolote. Binti aliponyamaza, alikamilisha kazi iliyoanzwa na mfanyabiashara wa watumwa. Kati ya hao wawili mama ana dai kubwa zaidi, maana binti alipata kujibu walau mara moja. Kitukuu na amwandike mama, na kando yake aliandike jibu la binti kama lilivyotolewa, bila kuliita uongo.

Ila jina la mama huyo halitapatikana katika sensa. Kama lipo, liko kwa mzee fulani wa Ng'ambo ambaye bado hajapigiwa simu, na ambaye huenda naye akachagua kunyamaza.