Namba Isiyovaliwa Tena

Katika vyuo vikuu vya Marekani ipo desturi ya kumtukuza mchezaji bora wa mpira wa kikapu kwa kuistaafisha namba yake. Jezi yake hutundikwa juu darini, watu wote waione, na tangu siku hiyo mwanafunzi mwingine haruhusiwi kuivaa namba ile. Je, ni haki kumheshimu aliyepita kwa kumnyima ajaye?

Hoja ya wanaokubali ni nzito. Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles kilitwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1967, 1968 na 1969 kikiwa na Lew Alcindor, aliyejulikana baadaye kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Namba yake, 33, ilistaafishwa mwaka 1990. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na mtu wa kazi kama hiyo akisahauliwa, aibu si yake, ni ya waliomsahau. Tena kijana ambaye angerithi namba hiyo angepimwa kila siku kwa kipimo cha mwingine: akishinda angeambiwa ameiga, akishindwa angeambiwa ameitia doa. Kumwepusha na mzigo huo ni hisani.

Lakini namba nazo zina uhaba wake. Kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2023, sheria ya vyuo iliruhusu tarakimu 0 hadi 5 tu, ili mwamuzi aweze kuionyesha kwa vidole namba ya mchezaji aliyekosa. Namba zote zilizopatikana zilikuwa 37. Kila iliyoondolewa ilipunguza akiba ya wajao, na wajao hawakuwapo kutoa rai yao. Busara hutaka kiasi. Chuo Kikuu cha North Carolina, alikosoma Michael Jordan aliyevaa namba 23, huistaafisha namba ya yule tu aliyetuzwa kuwa mchezaji bora wa mwaka katika taifa zima. Wengine waliosifika hutundikiwa jezi, na namba zao huendelea kuvaliwa.

Ipo heshima ya namna nyingine. Mwezi Machi 1990 Hank Gathers wa Chuo Kikuu cha Loyola Marymount alianguka uwanjani katikati ya mchezo, akafariki. Gathers alikuwa na mazoea ya kutupa mitupo huru kwa mkono wa kushoto. Katika mashindano ya ubingwa yaliyofuata, rafiki yake Bo Kimble, ambaye hutumia mkono wa kulia, aliutupa mtupo huru wake wa kwanza katika kila mchezo kwa mkono wa kushoto. Namba za wote wawili zilistaafishwa na chuo chao. Lakini tendo lile lilitangulia, na halikumpunguzia mtu chochote.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Gharama ya namba iliyofungiwa hulipwa na kijana asiyekuwapo. Gharama ya mkono wa kushoto ililipwa na Kimble mwenyewe, aliyekubali kuhatarisha pointi yake mbele ya maelfu ya watu. Jezi na zitundikwe, kwa uchache na kwa haki. Lakini mtu anayetaka kumheshimu mwenziwe na atoe kilicho chake. Akitoa cha mwingine, hajatoa kitu.