Picha ya Vita Ukutani

Picha aliyoipiga Joe Rosenthal kisiwani Iwo Jima tarehe 23 Februari 1945 siku hizi huchapwa juu ya turubai, ikauzwa iwe pambo la sebule. Askari sita wa Marekani wasimamisha bendera. Watatu wao waliuawa papo hapo kisiwani kabla mapigano hayajaisha. Je, yafaa kupamba nyumba kwa watu waliokaribia kufa? Hatukatazi, hata makaburi hupambwa. Bali mnunuzi hupima ukuta na kutazama rangi ya viti vyake, wala haulizi, Hawa ni nani? Hapo twaona dhuluma. Majina mawili yaliyotajwa hayakuwa yao, yakasahihishwa mwaka 2016 na 2019. Harold Schultz, mmoja wa wale sita, alikufa mwaka 1995, na picha yake imeenea pote bila jina lake.