Siri ya Bwawa la Juu

Fomu ya ridhaa ninayotembea nayo ina sentensi ambayo wafugaji wa samaki wa Mbinga hawaiulizii: taarifa za bwawa lako zitabaki siri. Wanasaini, tunaendelea na kazi. Nipo mwaka wa pili wa uzamili, nakusanya sampuli za perege kwenye mabonde ya Umatengo, na sentensi hiyo imenisumbua kuliko maabara.

Shida ni mwendo wa maji. Wamatengo wana neno ntambo: kipande cha mlima kinachoshikwa na watu wa ukoo mmoja, ambacho mipaka yake mara nyingi ni vijito. Juu kuna kahawa na ngoro, chini mabwawa. Mpaka wa kijito unatosha kwa mahindi. Kwa samaki, mpaka huo ndio njia yenyewe: maji yanayotoka bwawa la juu yanaingia mferejini na kujaza la chini.

Mwezi Juni mzee mmoja alinionyesha perege wake. Wekundu tumboni, magamba yamesimama, macho yametoka. Dalili hizo ni za bakteria wa jamii ya Aeromonas, ingawa Streptococcus nao huwatoa samaki macho, na sampuli zangu zilikuwa bado kwenye boksi la barafu. Akaniambia, "Mwanangu, wa chini wasijue kwanza. Nikishauza waliobaki nitawaambia mwenyewe." Ada ya mjukuu wake ilikuwa ndani ya maji yale.

Ni rahisi kumhukumu. Lakini Aeromonas hawaletwi na mtu. Wanaishi majini, hata tumboni mwa samaki wazima, na hushambulia samaki akidhoofika. Usiku wa Juni huko Mbinga ni wa baridi, na perege ni samaki wa maji ya joto: hula kidogo, kinga yake inashuka, na wakibanana bwawani oksijeni hupungua alfajiri. Mzee hakumkosea mtu. Mwanafunzi mwenzangu niliyempigia simu aliishia hapohapo: asiye na kosa hana deni, na ahadi ni ahadi.

Sikubaliani naye. Bakteria wapo kila bwawa, ndiyo, lakini bwawa lenye mizoga huwazidisha na kuwatuma chini kwa wingi ambao samaki waliochoka kwa baridi hawauwezi. Jirani anahitaji kufunga mfereji leo, si wiki ijayo. Haki yake ya kujua haitokani na kosa la mzee, inatokana na mteremko. Na ile siri niliiahidi ili jina la mzee lisionekane kwenye utafiti wangu, si ili jirani afungwe macho.

Mzee aliniuliza pia kuhusu oksitetrasaiklini ya mifugo, achanganye na pumba. Samaki anayeihitaji zaidi ndiye aliyeacha kula! Dawa ingeliwa na wazima, nyingine ingeondoka na maji, ikizoesha bakteria kuishi nayo bonde zima, kuelekea Ziwa Nyasa, ambako watu wa Mbamba Bay na Liuli wanategemea dagaa na mbasa.

Ila kuna jambo linalonikera zaidi. Zamani palikuwa na sengu: wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mkubwa wao, na mambo ya ukoo yakazungumzwa hapohapo. Nadhani hasara ilikuwa rahisi kuitaja pale, kwa sababu aliyeipata alikuwa anakula chungu kimoja na wanaomsikiliza. Leo tunamdai mzee ukweli uleule, kisha tunamwachia hasara yote. Kwangu mimi, anayepokea habari kama hiyo naye anadaiwa: vifaranga vya msimu ujao, au siku mbili za kusaidia kukausha bwawa na kumwaga chokaa.

Nilimwambia mzee kwamba sitakwenda kusema mimi, na kwamba sitaondoka kabla hajakwenda yeye. Tuliziba tundu la kutolea maji kwa udongo, hatukusemeshana. Kisha akateremka, nami nyuma yake.

Jirani alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Tangu lini?"

"Siku ya nne leo," mzee akajibu.

Jirani akachukua jembe akaenda mferejini.