Mshipi Ukivuliwa

Hadithi ya mwizi aliyeshikwa tunaipenda sote. Ya mwizi aliyebadilika inatusumbua. Tunaikubali ikiwa mbali nasi, kwa sinema au kanisani wakati wa ushuhuda, bora tu mbuzi aliyeibwa asiwe wetu.

Nimekuwa nikiliwaza hili tangu niwasomee watu wa kwetu Kivaa komiki za kale za Wonder Woman. Kivaa iko Masinga, kaunti ya Machakos, upande wa mabwawa ya Mto Tana. Jioni pale dukani tulipitisha simu yangu mkono kwa mkono, nami nikawa natafsiri. Nilidhani tutacheka picha tu. Tukabishana wiki mbili.

Pengine unamjua yule wa filamu ya 2017, mwenye upanga. Huyu wa kwanza, aliyetokea 1941, ana tabia tofauti. Aliyembuni, William Moulton Marston, alikuwa mwanasaikolojia Mmarekani aliyetafiti jinsi ya kunasa uongo kwa kupima presha ya damu. Akampa shujaa wake kamba ya uchawi: ukifungwa nayo, unatii na unasema kweli. Maadui wake hawachinjwi. Wanapelekwa kisiwani, wanavalishwa mshipi unaowafanya wawe watiifu, kisha wanafunzwe kuishi na watu.

Mmoja wao ni Paula von Gunther, jasusi wa Wanazi, muuaji, aliyewafanya wasichana watumwa wake. Katika toleo la 1943 tunaambiwa Wanazi walikuwa wamemshikilia binti yake mdogo. Wonder Woman anamwokoa mtoto, na mama anageuka. Baadaye anakuwa rafiki yake na mwanasayansi wa Waamazoni.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Binamu yangu, mtu wa boda, alirudisha simu. "Huyo angekuwa hapa steji, hata kortini hangefika." Msichana wa kidato cha tatu akamjibu, "Lakini walikuwa wamemshikia mtoto, bana. Wewe ungefanyaje?" Binamu akauliza: na wale wasichana aliowatesa, hawakuwa watoto wa mtu? Susu, aliyekuwa akisikiliza huku akichambua ndengu, hakushangazwa na chochote ila ile kamba. "Hiyo ni kithitu," akasema. Alimaanisha kiapo cha Wakamba ambacho, kwa imani ya wazee, mwongo akikila kifo kinamfuata yeye na watu wake.

Nadhani binamu alikuwa na hoja, na sisi wapenda huruma huwa tunaikwepa. Wonder Woman anaweza kumhurumia Paula. Kumsamehe kwa niaba ya wasichana wale hawezi, kwa sababu deni si lake. Huruma ni kumwona mkosaji kama mtu bado, na yeyote anaweza kuwa nayo. Msamaha ni mali ya aliyekosewa, na hawezi kudaiwa autoe. Kujirekebisha ni kazi ya mkosaji mwenyewe, na hata malaika hawezi kumfanyia. Tukichanganya haya matatu, tunamwambia mama aliyeibiwa "samehe tu, ni kijana," na hiyo kwake ni dhuluma ya pili.

Lakini hoja ya steji nayo ina shimo. Watu hudhani kuua mwizi ni mila yetu, wanataja king'ole. Walioandika kuhusu Wakamba mwanzoni mwa karne ya 20 wanaeleza kwamba king'ole ilikuwa ya mkosaji sugu, aliyeshindikana kabisa, na wazee walitafuta kwanza idhini ya ndugu yake wa karibu. Ilikuwa adhabu ya kutisha, na siitamani irudi. Ila angalia sharti lile: kabla ya mtu kufa, mmoja anayempenda alipaswa kuulizwa. Tairi na petroli haviulizi mtu. Umati hauna hata dakika kumi za kujua kama umeshika mtu mwenyewe.

Kilichonishinda zaidi ni ule mshipi. Mtu akiwa mtiifu kwa sababu amefungwa, amebadilika kweli? Binamu alisema hata mbwa akiwa na mnyororo haumi. Marston mwenyewe, nafikiri, aliliona swali hilo. Katika toleo la 1948, lililotoka baada ya yeye kufa, mfungwa mmoja anatoroka na kuwafungua wenzake. Baadhi wanarudia uovu siku hiyo hiyo. Wengine, mishipi ikiwa imevuliwa na mlango uko wazi, wanakataa kuondoka na kuwasaidia Waamazoni. Hapo tu ndipo tunajua nani alibadilika. Kisiwa hakikuweza kutuonyesha hilo hadi mtu alipofungua.

Kufikia hapo kila mtu pale dukani alijua hatuzungumzii Paula. Kuna kijana wa kwetu aliyerudi kutoka jela mwaka huo, baada ya kuiba mbuzi wanne wa mjane jirani. Alikuwa amemaliza kifungo chake, lakini hakuna aliyempa hata kibarua cha kuchota maji. Ukimuuliza mtu sababu: "Abadilike kwanza." Sawa, lakini atabadilikia wapi? Mtu huonyesha uaminifu akiwa na kitu mkononi ambacho angeweza kukiiba. Usipompa kitu, umemweka kwenye mshipi maisha yake yote, halafu unamlaumu kwa kutothibitisha chochote.

Najua ni rahisi kwangu kusema. Mimi huishi Nairobi na sina mbuzi. Anayeambiwa ajaribu bahati yake ni yule mjane, na akiibiwa tena hatalipwa na waandishi wa insha. Ndiyo maana naamini hatari ya kumwamini mtu haifai kubebwa na aliyeumizwa peke yake. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 159, inataka mahakama zihimize upatanisho na njia za kimila za kutatua migogoro. Ni vizuri, ila jaji hawezi kuagiza kijiji kimpe mtu kazi. Sehemu hiyo imebaki kwetu, na inahitaji watu kadhaa wakubali kupoteza kidogo kila mmoja.

Mjane mwenyewe ndiye aliyetushinda sote kwa akili. Hakuwahi kusema amesamehe, na sidhani amesamehe. Alimwita kijana mbele ya wazee na mama yake, akamwambia: "Mbuzi wangu ni wanne. Utachunga hawa waliobaki mpaka nihesabu wanne wapya." Wazee wakakubali kwamba mmoja akipotea mikononi mwake, watachanga wao. Binamu yangu alicheka, akasema tutaona.

Mara ya mwisho nikiuliza, walikuwa wamehesabu wawili. Binamu bado anasema tutaona, lakini siku hizi akimkuta kijana njiani na madumu, humbeba bila kumtoza.